Nani Anashika Jembe? Somo juu ya Wanawake Wataalamu wa Maendeleo na Amani

Fungueni ukurasa wa somo la leo mpate kufuata kwa macho huku mkisikia kwa masikio.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mtaalamu, maendeleo, haki. Wanafunzi wayasome kwa sauti, silabi kwa silabi: m-ta-a-la-mu, ma-e-nde-le-o, ha-ki. Vizuri. Sasa tuanze.

Mtaalamu ni mtu aliyejifunza jambo moja kwa muda mrefu mpaka akaijua mizizi yake. Tabibu ni mtaalamu wa maradhi. Bwana Shamba ni mtaalamu wa kilimo. Wako pia wataalamu wa maendeleo. Kazi yao ni kuchunguza kwa nini watu wa mahali fulani wana njaa na wa mahali pengine wameshiba. Kwa nini nchi moja ina vita na nyingine ina utulivu. Na mambo gani yafanywe ili hali iwe njema. Wataalamu hawa huandika mipango, na mipango hiyo huamua barabara ipite wapi, mbegu apewe nani, na kisima kichimbwe upande gani wa kijiji.

Kwa miaka mingi ofisi nyingi zilizoandika mipango hiyo zilikuwa za wanaume watupu. Leo nitawaeleza habari za wanawake 4 walioingia katika kazi hiyo. Mmoja ni wa Denmark, mmoja wa Kenya, mmoja wa Liberia, na mmoja wa Tanzania. Hawakuzaliwa mahali pamoja wala hawakusoma elimu moja. Lakini wamefanana kwa jambo moja. Kila mmoja alitazama kazi inayofanywa kila siku mbele ya macho ya watu, akauliza: Kazi hii inafanywa na nani, naye ameulizwa shauri? Mpango usiojibu swali hilo huvunjika, hata ukiwa na fedha nyingi. Hilo ndilo fundisho letu la leo.

SWALI LA JEMBE

Bibi Ester Boserup alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Denmark ni nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya. Alisoma elimu ya uchumi, yaani elimu ya kujua mali hupatikanaje na hugawanywaje, akamaliza Chuo Kikuu mwaka 1935. Alifanya kazi katika serikali ya nchi yake, na tangu mwaka 1947 katika ofisi za Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Mwaka 1957 alikwenda India pamoja na mumewe, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa uchumi. Huko aliona maisha ya wakulima kwa macho yake, akaanza kuyatilia shaka mambo mengi yaliyoandikwa vitabuni.

Siku zile wataalamu wengi walisema hivi: watu wakizidi, chakula hakitatosha, kwa kuwa ardhi haiongezeki. Mwaka 1965 Bibi Boserup aliandika kitabu cha kuwajibu. Alieleza kwamba mahali penye watu wachache, shamba hulimwa miaka michache, kisha huachwa lipumzike miaka mingi mpaka likaota msitu. Watu wakiongezeka, muda wa kupumzisha shamba hupungua. Ndipo wakulima huanza kutia samadi, kuchimba mifereji na kulima mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Chakula huzidi, lakini jasho nalo huzidi.

Sasa, ukisema jasho limezidi, hapana budi uulize: jasho la nani? Jibu lake alilitoa katika kitabu kingine cha mwaka 1970, kitabu juu ya kazi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi. Alikusanya taarifa za nchi nyingi, akazilinganisha. Akaonyesha kwamba katika sehemu nyingi za Afrika, mahali panapolimwa kwa jembe la mkono, kazi nyingi ya chakula ilifanywa na wanawake. Wao walipanda, wakapalilia, wakavuna, wakabeba mzigo mpaka nyumbani. Mahali palipolimwa kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe, kama sehemu nyingi za Asia, mwenye kushika plau alikuwa mwanamume.

Sikilizeni sasa kosa lililofanyika. Maofisa wa serikali za kikoloni walitoka Ulaya, na kwa mawazo yao mkulima ni mwanamume. Walipofika Afrika waliwaita wanaume barazani, wakawafundisha wao kilimo kipya, wakawapa wao mbegu za mazao ya kuuza. Mume akapata fedha na mafunzo. Mke akabaki na jembe lile lile, na chakula cha nyumba kikabaki juu ya mabega yake. Baada ya miaka kadhaa, tofauti baina yao ilikuwa kubwa. Hapo watu wakasema: Mnaona? Wanawake hawajui kilimo cha kisasa.

Tuchukue mfano mmoja mdogo. Bwana Shamba anawaita watu wafundishwe kupanda mahindi kwa mstari. Wanakuja wanaume 30, wanasikiliza vizuri, wanarudi nyumbani. Mvua inanyesha. Wanaoinama shambani kupanda ni wake zao, ambao somo hawakulisikia. Mahindi yanapandwa kama zamani. Bwana Shamba anapita, anatikisa kichwa, anaandika katika taarifa yake: Watu wa hapa hawapendi mabadiliko. Je, kosa ni la nani? Watu hawakukataa somo. Somo lilipelekwa kwa asiyeshika jembe.

Bibi Boserup alifariki mwaka 1999. Kabla ya kitabu chake, mtu aliyesema kwamba wanawake ni wakulima alionekana anasema habari za nyumbani tu. Baada yake, ilikuwa vigumu kwa mtu mwenye elimu kuandika mpango wa kilimo asiulizwe: Mkulima wako ni nani?

SWALI LA KUNI

Tutoke Ulaya, turudi Afrika Mashariki, katika milima ya Nyeri nchini Kenya. Hapo, mwaka 1940, alizaliwa Wangari Maathai, mtoto wa wakulima. Alisoma sana. Alikwenda Marekani kusoma elimu ya viumbe, na mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari wa falsafa mjini Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufika daraja hiyo. Akawa mwalimu wa Chuo Kikuu katika elimu ya mifugo.

Kazi yake ilimpeleka vijijini kuchunguza kupe waletao ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe. Lakini alipokuwa akitafuta kupe, aliona mambo mengine. Aliona mito imekuwa ya rangi ya udongo kila mvua inaponyesha. Aliona ng'ombe wamekonda kwa kukosa majani. Akafahamu kwamba ardhi yenyewe inaumwa kuliko ng'ombe.

Wakati huo huo alikuwa mjumbe katika Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya. Katika mikutano yake alisikia wanawake wa vijijini wakieleza shida zao: kuni hakuna, maji safi hakuna, chakula chema hakuna. Alisikia pia habari ya kushangaza. Katika sehemu zenye rutuba za Kenya ya kati, sehemu za kahawa na chai, watoto walikuwa na utapiamlo. Inawezekanaje mahali penye fedha za kahawa watoto wakose afya?

Fuateni sababu zake moja moja, kama mtu anayefuata kamba mpaka afike kwenye ndoo. Miti ya asili ilikatwa ili mashamba ya kahawa na chai yapanuke. Miti ilipokwisha, kuni zikawa mbali. Kuni zilipokuwa mbali, mama alishindwa kupika vyakula vinavyotaka moto wa muda mrefu, kama maharage. Akawapa watoto vyakula vinavyoiva upesi au visivyotaka moto, kama mkate mweupe na wali mweupe. Watoto walishiba lakini hawakupata nguvu. Basi ugonjwa uliomleta mtoto zahanati ulikuwa umeanzia msituni.

Mabwana afya walijua habari za watoto, na mabwana misitu walijua habari za miti. Aliyejua kwamba mambo haya mawili ni jambo moja ni mama mwenye kubeba kuni kichwani na mtoto mgongoni. Profesa Wangari alimsikiliza mama huyo, na elimu yake ikamsaidia kuona njia ya kufanya. Alisema: Kwa nini tusipande miti?

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Huo ulikuwa mwanzo wa chama kinachojulikana kwa Kiingereza kama Green Belt Movement, maana yake mkanda wa kijani. Mabwana misitu waliona ajabu. Walidhani kazi ya kukuza miche yataka mtu mwenye cheti. Wanawake walioanza hawakuwa na vyeti. Lakini walijua kupanda maharage na mahindi tangu utoto, na mbegu ya mti ni mbegu pia. Walitazama miti ya kwao inavyoangusha mbegu na inavyoota, wakatia mbegu hizo hata katika vyungu vilivyovunjika. Kila mche uliopona, mwenye kuupanda alilipwa senti chache. Angalieni neno hilo: uliopona. Hakulipwa kwa kupanda tu. Alilipwa kwa kuutunza mti mpaka ushike. Huo ndio utaalamu. Kufikia mwaka 2004 miti iliyopandwa ilizidi milioni 30.

Kazi hii haikukosa taabu. Mwaka 1989 serikali ya wakati ule ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambayo watu wa Nairobi hupumzika siku za mapumziko. Profesa Wangari aliandika barua nyingi za kupinga. Alitukanwa bungeni, na chama chake kikafukuzwa katika ofisi yake. Mwishowe jumba halikujengwa, na bustani bado ipo. Mwaka 1999 alipigwa akaumizwa alipokuwa akiutetea msitu wa Karura, karibu na Nairobi. Msitu huo nao bado upo.

Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Wako waliouliza: Miti na amani vina uhusiano gani? Yeye alieleza kwa mfano wa kigoda chetu cha miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni utunzaji wa mali ya asili, yaani ardhi, maji na misitu. Wa pili ni serikali njema inayowasikiliza watu wake. Wa tatu ni amani. Ukikata mguu mmoja, aliyekaa juu yake ataanguka. Na sisi twajua kwamba mfugaji na mkulima huweza kugombana kisima kinapokauka. Profesa Wangari alifariki Nairobi mwaka 2011.

SWALI LA MEZA YA AMANI

Tumesema neno amani. Lakini vita vikiisha kuanza, watu hufanyaje? Tuvuke bara mpaka pwani ya magharibi, katika nchi ya Liberia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza huko mwaka 1989, vikatulia kidogo, vikaanza tena mwaka 1999. Watu wengi sana waliuawa. Watoto wadogo walitiwa bunduki mikononi, wakafanywa askari.

Leymah Gbowee alikuwa msichana wa miaka 17 vita vilipoanza. Baadaye alijifunza kazi ya ustawi wa jamii, hasa kazi ya kuponya majeraha ya moyo, akawahudumia vijana waliokuwa askari tangu utotoni. Kwa kuwasikiliza vijana hao alijifunza vita kwa upande ambao majemadari hawausemi: mtoto huingiaje vitani, hupewa nini, huogopa nini, na akirudi nyumbani nani atampokea.

Mwaka 2003 yeye na wenzake waliwakusanya wanawake wa mji wa Monrovia, Waislamu na Wakristo pamoja. Walivaa nguo nyeupe, wakakaa katika kiwanja karibu na soko la samaki, kando ya barabara aliyopita Rais Charles Taylor. Walikaa juani na mvuani, siku baada ya siku. Mwezi wa Aprili Rais alikubali kuwaona, na Bibi Gbowee akamweleza mbele ya watu wote kwamba wanawake wamechoka na vita.

Mkutano wa amani ulifunguliwa nchini Ghana mwezi wa Juni. Wajumbe walikuwa watu wa serikali na wakuu wa majeshi ya waasi. Walilala katika hoteli nzuri, wakabishana juu ya vyeo, wiki zikapita. Huku nyuma, mabomu yaliendelea kuanguka Monrovia. Mwezi wa Julai Bibi Gbowee na wanawake wenzake walikaa mbele ya milango ya ukumbi, wakashikana mikono, wakasema hapana mtu atakayetoka mpaka mazungumzo yawe ya kweli. Walinzi walipotaka kumkamata, alianza kuvua nguo mbele yao. Katika mila nyingi za Afrika Magharibi, mama kujivua nguo hadharani kwa hasira ni laana kubwa kwa wanaomtazama. Walinzi wakarudi nyuma. Mpatanishi wa mkutano, Jemadari Abdulsalami Abubakar wa Nigeria, alizungumza na wanawake hao, na baada ya hapo mambo yakaenda mbio zaidi. Tarehe 18 Agosti 2003 mkataba wa amani ulitiwa sahihi. Mwaka 2011 Bibi Gbowee alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Bibi Ellen Johnson Sirleaf, aliyekuwa Rais wa Liberia tangu mwaka 2006, na Bibi Tawakkol Karman wa Yemen.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini wanawake waketi katika meza ya amani, ikiwa hawakupigana? Jibu ni hili. Watu wenye bunduki wakikaa peke yao, huzungumza habari za bunduki na za vyeo: nani atakuwa waziri, nani atashika jeshi. Lakini amani haikai wizarani. Amani hukaa katika nyumba atakayorudi yule kijana askari, katika shule itakayofunguliwa tena, na katika njia ya kisimani ambayo msichana aweza kupita bila hofu. Mambo haya yana wajuzi wake, na wengi wao ni akina mama. Wasipokuwepo mezani, hayaandikwi katika mkataba. Na jambo lisiloandikwa halitengewi fedha.

Umoja wa Mataifa ulikwisha kulitambua jambo hili. Tarehe 31 Oktoba 2000, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio Namba 1325. Wajumbe wote 15 walikubali. Azimio lasema wanawake wazidi kushirikishwa katika kila daraja la kuamua mambo ya kuzuia vita na kuleta amani. Hata hivyo, miaka 3 baadaye, wanawake wa Liberia walilazimika kukaa mlangoni. Hapa twaona kwamba azimio ni mlango. Mtu lazima aingie kwa miguu yake.

MABANO YA BEIJING

Basi maneno ya wataalamu hugeukaje kuwa ahadi za serikali? Tumtazame mwanamke wa nne. Gertrude Mongella alizaliwa mwaka 1945 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria, nchini Tanzania. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mwalimu katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe. Baadaye akawa mbunge, waziri, na Balozi wa nchi yake huko India. Kisha Umoja wa Mataifa ukampa kazi kubwa: kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia juu ya Wanawake.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Mexico mwaka 1975. Wa pili ulikuwa Copenhagen, mji aliozaliwa Bibi Boserup, mwaka 1980. Wa tatu ulikuwa Nairobi mwaka 1985, na mwenyekiti wake alikuwa Bibi Margaret Kenyatta. Wa nne ulikuwa Beijing, China, tangu tarehe 4 mpaka 15 Septemba 1995.

Wanafunzi, mmekwisha jifunza alama za mabano, yaani ( na ). Katika mikutano ya mataifa, mabano ya mraba, yaani [ na ], yana kazi maalumu. Hati huandikwa kabla ya mkutano. Kila neno ambalo nchi fulani hailikubali hutiwa ndani ya mabano. Wajumbe wakikutana, kazi yao ni kujadiliana mpaka mabano yaondolewe, neno libaki au lifutwe. Hati ya Beijing ilifika ikiwa imejaa mabano. Wajumbe walikesha usiku wakibishana neno kwa neno juu ya urithi, juu ya afya ya mama, juu ya haki ya mtoto wa kike. Mwishowe serikali 189 zilikubali mpango wenye sehemu 12 za kushughulikiwa, zikiwamo umaskini, elimu, afya, vita, mazingira, na kupigwa kwa wanawake.

Kwetu Afrika Mashariki wako waliofanya jambo hili mzaha. Mwanamke akidai haki yake nyumbani, watu walisema: Huyu ameleta mambo ya Beijing! Na Bibi Mongella mwenyewe akaitwa Mama Beijing. Lakini jina la mzaha likageuka jina la heshima. Mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika, akashika kazi hiyo mpaka mwaka 2009.

NA KIJIJINI KWETU JE?

Sasa turudi nyumbani. Twaweza kuona mambo haya ni ya watu wakubwa wa miji ya mbali. Sivyo. Meza ya kuamua mambo iko hata kijijini.

Katika Tanzania, miaka 4 baada ya Beijing, ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuishika na kuitumia. Tena yasema Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yasema vyombo vya watu waliochaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja.

Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haipalilii shamba. Mjane asiyejua kusoma aweza kuwekewa karatasi mbele yake, akaambiwa atie dole gumba, kumbe karatasi yasema ametoa shamba lake kwa shemeji. Mjumbe mwanamke aweza kuitwa barazani saa ile ile ya kuchota maji na kupika, asifike, kisha pakaandikwa kwamba wanawake hawana haja na mikutano. Tazameni jinsi hesabu hii inavyofanana na ile ya Bwana Shamba wa mfano wetu. Mtu hakuulizwa, halafu alilaumiwa kwa kunyamaza.

Wengine watasema: Mwalimu, somo hili lawashusha wanaume. Hapana. Mahindi yakipandwa vibaya, mume na mke hulala njaa pamoja. Kisima kikichimbwa mahali pabaya, fedha zilizopotea ni za kodi ya wote. Vita vikiingia, havichagui. Kumuuliza anayefanya kazi ni busara ya kulinda mali ya nyumba nzima, na mume mwenye akili huwa wa kwanza kuuliza.

Basi ndugu zangu, mtaalamu hana budi kusoma, lakini kusoma peke yake hakutoshi. Lazima pia ainame awasikilize walioishika kazi kwa mikono. Na ninyi mlioishika kazi kwa mikono, sasa mnajifunza kusoma. Mkiisha kujua kusoma, msikubali karatasi ipite mbele yenu bila kuisoma, wala mpango wa kijiji chenu upitishwe bila kuuliza: Kazi hii itafanywa na nani, naye amesema nini?

MANENO YA KUJIFUNZA

Uchumi: elimu ya kupata, kutumia na kugawanya mali.
Samadi: mavi ya mifugo yatiwayo shambani ili kuongeza rutuba.
Utapiamlo: ugonjwa wa kukosa chakula chenye kujenga mwili.
Azimio: jambo lililokubaliwa na kuandikwa na mkutano.
Mpatanishi: mtu anayewakutanisha wagomvi wapate kuelewana.
Theluthi: sehemu moja ya kitu kilichogawanywa mara 3.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini watoto wa sehemu za kahawa walikosa afya? Elezeni sababu moja moja kwa utaratibu wake.
2. Kwa nini akina mama walilipwa kwa mche uliopona, wala si kwa kila mche uliopandwa?
3. Theluthi mbili ya wajumbe 9 ni wangapi? Kama baraza lina wajumbe 9, na wanaume ni 7, je, wamezidi theluthi mbili?
4. Mkutano wa mwisho wa kijiji chenu ulifanyika saa ngapi? Saa hiyo, nani alikuwa huru kuhudhuria, na nani alikuwa kazini?

KAZI YA NYUMBANI

Andika katika daftari lako kazi zote zilizofanywa nyumbani kwako jana, tangu alfajiri mpaka usiku. Mbele ya kila kazi andika jina la aliyeifanya. Kisha msomee mwenzako wa nyumbani orodha hiyo, na muizungumze.

Huo ndio mwisho wa somo letu la leo.